Ndoo ya Mkwe Wangu

Morogoro, huku mlimani
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa zile Jumapili mbili ambazo simu yako iliita nami nikaiangalia tu mpaka ikanyamaza. Nisamehe. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Nestori inasaidia, au umeiweka dirishani iwe pambo? Mvua huko imeanza au bado mnahesabu mawingu? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala, sina homa. Mengine ndiyo haya ninayokuandikia.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu sisi wawili hatufai. Wewe unaita haloo, haloo, mimi naitikia, wewe hunisikii, unaanza kulia, na mimi nalia, tukikata hakuna aliyesema kitu. Barua hii nitampa kondakta wa basi pale Msamvu, Nestori ataipokea stendi ya Kibondo. Atakayekusomea ni Yasinta. Yasinta mdogo wangu, nakujua wewe. Soma yote kama yalivyo, usiruke mahali kwa kumwonea mama huruma.

Mama, unakumbuka tulivyoagana mara ya mwisho kwenye simu? Uliniambia nirudi nyumbani, kwamba mke wangu Skola ameshazikwa na huku sina tena mtu. Nikakujibu kwamba mtambo umeharibika, siwezi kuondoka nikawaachia watu mtambo mbovu, lakini moto ukirudi tu, wiki hiyohiyo napanda basi. Niliahidi kwa kinywa changu. Sasa moto umerudi. Leo ni siku ya kumi na mbili unawaka, na basi sijapanda. Ndiyo maana nilikuwa sipokei simu. Nilikuwa sijui nianzie wapi.

Acha nianzie kwenye mtambo wenyewe, maana najua Nestori amekuambia kwamba kaka yake anapikia kinyesi. Mwambie aache utani. Nyuma ya nyumba yangu kuna kitu kama ghala la matofali na saruji, ila limezikwa ardhini. Nyumba kumi na mbili za hapa jirani zinaleta mabaki ya chakula: maganda ya ndizi na viazi, ukoko wa ugali, maharage yaliyochacha, majani ya kabichi yasiyofaa kupelekwa sokoni. Nayakorogea maji, nayamwaga kwenye tundu la kulishia. Kule chini yanaoza bila hewa na kutoa gesi, na gesi inapita kwenye bomba hadi kibanda chenye majiko manne ambapo akina mama wanachemshia maharage. Msitu wa juu ni wa hifadhi, mama, walinzi wake hawana mchezo, na maharage unajua yanavyokula kuni. Kinachobaki kinatokea upande wa pili kama uji mzito, tunaubeba kwenye matuta. Kabichi za huku ukiziona utadhani zimepuliziwa pumzi.

Kuchimba na kujenga nilijenga mimi pamoja na vijana wa hapa. Lakini mtambo ni wa Skola. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwabembeleza watu wasitupe mabaki mtoni, ndiye aliyewagawia ndoo nyeupe za rangi zenye mifuniko na kuandika jina la kila mwenye ndoo kwa rangi nyekundu. Kila asubuhi wanakuja. Mmoja analeta ndoo na habari za mchumba wa binti yake, mwingine analeta ndoo na ugomvi wake na jirani. Mimi namwaga, nasuuza, narudisha, huku nikitaniwa. Miaka kumi na moja niko huku, na bado wananiita Mwakeye, kwa ile salamu yetu ya asubuhi, kama vile Kanisa halikunibatiza jina. Nikikasirika ndiyo wanacheka zaidi. Nilikuwa nikijifanya kuwachoka, mama, lakini hizo ndizo zilikuwa saa zangu nzuri za siku.

Basi Skola akafariki, hayo unayajua. Aliugua siku tisa. Sitayarudia.

Yale usiyoyajua ni ya siku ya kuanua matanga. Walikuja watu wengi sana, mpaka wengine kutoka Kisaki wenye undugu na ukoo wao. Palipikwa wali, maharage, nyama, ugali wa kutosha kulisha jeshi, na pombe ya kienyeji. Watu walipokwisha kula, masufuria yalikuwa bado nusu. Hapo ndipo mama mmoja wa jumuiya akasimama akasema kwamba marehemu alikuwa anaulisha ule mtambo kila siku ya Mungu, kwa hiyo si haki sisi tule na wenyewe ukae na njaa, nao umefiwa. Wenzake wakaitikia. Wakabeba. Walimwaga wali, wakamwaga ugali, wakamwaga mchuzi wenye mafuta, na mwishoni machicha yote ya pombe, huku wanaimba wimbo wa kanisani aliokuwa akiupenda.

Mama, mimi nilikuwa nimesimama hapohapo. Nilijua. Mtambo ni kama tumbo la mtu: ukiubebesha wanga mwingi kwa mara moja, na juu yake machicha, unachachuka. Nilitakiwa kusema, "Jamani, basi." Lakini ungewezaje kuwaambia basi watu wanaomwimbia mke wako? Nilinyamaza, na moyoni nilifurahi, nikaona heshima aliyopewa Skola ni kubwa. Kosa ni langu, si lao.

Siku ya tatu moto ukawa wa njano, unarukaruka. Siku ya tano ukazimika kabisa. Ukiinamia tundu la kulishia unasikia harufu ya siki, inachoma pua. Nikampigia simu mtaalamu mmoja wa mjini aliyetufundisha kujenga. Akaniuliza tumelisha nini, nikamweleza, akaniuliza kama nina akili timamu. Akasema mtu akiharisha humlishi pilau. Mtambo ufunge. Usipewe chochote wiki tano, sita, isipokuwa samadi ya ng'ombe kidogokidogo na maji ya majivu, na baridi hii ya mlimani inaweza kuzidisha.

Ng'ombe huku juu ni wa kutafuta kwa tochi. Wenyeji wanafuga nguruwe na mbuzi. Ikanibidi niwe nashuka mpaka Kilakala kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa, ananipa gunia, nalipandisha mgongoni. Kila mtu asubuhi anashuka na kabichi na karoti kichwani, mimi peke yangu napanda na mavi. Waliniona wakanipisha njia, na hakuna aliyenitania. Hapo nikajua kwamba wananionea huruma, na mama, hakuna kitu kibaya kama mtu aliyekuwa akikutania kuacha kukutania.

Kisha nikapita kila nyumba nikawaambia wasilete tena ndoo mpaka nitakapowaita. Wakasikia. Kesho yake asubuhi hakuja mtu. Keshokutwa hakuja mtu. Sikuwa nimelifikiria hilo, unaamini? Niliwafungia mtambo nikadhani nafunga mtambo tu. Akina mama wakarudi kwenye kuni, wanatoka mapema kuokota matawi makavu, wanarudi wamechoka, na kibanda cha majiko kikawa cha kuku. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda pale kwenye tundu na mwiko mrefu wa kukorogea, nakoroga, naangalia ukungu ukipanda kutoka bondeni, saa mbili, saa tatu, saa nne. Kuna siku sikusema neno hata moja mpaka jioni, na nilipomsalimia mbuzi wa jirani nilishangaa sauti yangu. Upweke nilikuwa nausikia kwa watu, mama. Nilikuwa sijui kwamba unauma mwilini, hapa kifuani, kama mtu aliyebeba mzigo akasahaulika kutuliwa.

Unaniuliza kwenye simu ninakula nini. Nitakuambia ukweli sasa. Siku za msiba walikuwa wananiletea sahani, leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Matanga yalipoanuliwa waliendelea kuleta. Mimi na kichwa changu hiki ambacho unakijua, nikazirudisha. Nilimwambia Mama Deo, jirani yangu wa ubavuni ambaye ndiye alikuwa anazikusanya, kwamba mimi si mgonjwa wala si yatima, mikono ninayo, nitajipikia. Tena nilimwambia kwa sauti, ili wenzake wasikie. Wakaacha. Nikawa nakula viazi vya kuchemsha asubuhi na viazi hivyohivyo jioni. Si kwamba sijui kupika. Kupikia mtu mmoja ndiyo sikuweza.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja mjomba wa akina Skola, Benedikti. Huku kwao, mama, si kama kwetu. Ardhi ni ya ukoo wa mama, wanauita lukolo, na mwenye kauli ni mjomba. Nyumba niliyojenga imekaa kwenye ardhi ya ukoo wa Skola. Tungekuwa na mtoto, ningekaa kwa mgongo wa mtoto. Hatukujaliwa. Mjomba alikaa, akanywa maji, akasifu mgomba wangu, akanipa pole upya. Kisha akasema kwa upole sana, "Mwanangu, umetutunzia mtoto wetu, nasi tumeshuhudia. Hatukufukuzi. Ila mwenda kwao si mtumwa." Akasema hata nikitaka kusubiri mpaka nivune, nivune. Nikamshukuru. Alipoondoka nikatoa begi juu ya kabati nikalipangusa vumbi. Kwa hiyo ulipopiga simu ile Jumapili ukisema rudi, nilikuwa nimeshaanza kurudi moyoni.

Sasa nakuja kwa mkwe wangu.

Mama mzaa Skola anakaa ng'ambo ya kijito, nyumba yake naiona moshi tu juu ya migomba. Skola alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki. Unajua mambo ya ukwe, na huku wanayashika kwelikweli. Miaka kumi na moja sijawahi kula mbele yake, wala yeye mbele yangu. Siingii kwake, haingii kwangu. Tukikutana njiani nasimama pembeni kwenye migomba, naangalia chini, namwamkia, anaitikia, anapita. Jina lake limeandikwa kwenye ndoo yake kwa mwandiko wa Skola, na mimi silitamki, hata humu kwenye barua siliandiki. Zamani ndoo yake alikuwa akiichukua Skola mwenyewe, kwa kuwa kila mchana alikwenda kula na mama yake. Baada ya msiba nikawa naikuta asubuhi juu ya jiwe, pale njia inapovuka kijito. Naichukua, nairudisha hapohapo ikiwa tupu, jioni imeondoka.

Nilipowaambia watu wasilete mabaki, kwa mkwe nilimtuma Mama Deo. Akarudi akasema amesikia. Kesho yake ndoo iko juu ya jiwe. Nikafungua: ugali umefungwa kwenye jani la mgomba, na mboga kwenye jani lingine. Nikasema amesahau, ni uzee na majonzi. Nikamwaga kwenye shimo la mboji, nikafukia na majivu. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Nikamtuma Mama Deo mara ya pili, akarudi na jibu lilelile, amesikia. Kila siku ndoo.

Na niliona mambo, mama, si kwamba sikuona. Niliona ugali ni mzima, haukumegwa hata pembe. Nikajiambia masikini, hali chakula, anapika kwa mazoea ya kumpikia Skola halafu cha Skola anakitupa. Niliona ndoo ni safi, inanukia sabuni. Nikasema huyu mama ni mstaarabu mpaka kwenye uchafu, na nikapanga siku watu wakirudi nitawasema, nitawaambia wajifunze kwa mkwe wangu jinsi ya kuleta mabaki. Niliona hata kwamba chakula kina uvuguvugu. Unajua nilisema nini? Nilisema kitu chochote kinachooza hupata joto. Hiyo ndiyo elimu yangu! Miaka yote hii nimeshika mikono katika vitu vinavyooza mpaka nikikutana na chakula cha moto nadhani kimeoza.

Zaidi ya mwezi nilimwaga.

Siku moja asubuhi Mama Deo alipita kuuliza kama moto unaonyesha dalili. Akanikuta shimoni, nimeshafungua jani, naukung'uta ugali. Alisimama, mikono kichwani, kama mtu aliyekuta msiba mwingine. Akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia namwaga mabaki ya mkwe, nimeshamwambia asilete, haelewi.

"Mabaki?" akasema. "Anatoli, hayo umeona yamemegwa wapi? Mama wa watu anaamka alfajiri anakupikia, wewe unamwaga?"

Nikamwambia kama ni chakula kwa nini hakukiweka kwenye sahani.  Akasema, polepole, kwamba siku nilipozirudisha sahani mkwe alikuwepo hapo kwake Mama Deo, alinisikia nikipaza sauti. "Alisema sahani umezikataa zote, lakini ndoo hujawahi kuikataa hata siku moja." Na yeye Mama Deo alidhani ninakula; hata nilipomtuma mara ya pili alidhani nakumbusha habari za mabaki tu. Wote wawili walidhani ninakula, kwa kuwa ndoo ilikuwa inarudi tupu, imesuuzwa.

Nilichuchumaa pale shimoni, mama. Ugali wa siku hiyo ulikuwa umeshaangukia majivu. Yasinta, hapa usijali, soma tu. Nililia mbele ya Mama Deo, mimi na majigambo yangu yote, nikalia mpaka akaenda zake ili nisione haya.

Kesho yake ndoo ilikuwepo. Niliibeba kwa mikono miwili. Nikaingia ndani, nikanawa, nikakaa mezani upande niliokuwa nakaa Skola akiwepo. Ilikuwa mboga ya majani ya maboga na karanga. Haikuwa na pilipili. Sasa sikiliza: mkwe wangu anasifika kijiji kizima kwa kula pilipili, hata uji akipewa nafasi angeutia. Na mimi pilipili siiwezi tangu utotoni, unajua. Hilo sikuwahi kumwambia, ningemwambia wapi? Aliyemwambia ni Skola, mchana mmojawapo huko kwao, wakila. Kwa hiyo walikuwa wananizungumzia. Nilikula mpaka nikalamba jani.

Chombo cha mtu hakirudi kitupu, ulitufundisha wewe mwenyewe. Lakini nimrudishie nini, viazi vyangu? Nikasubiri. Nilikuwa nakula chakula chake, nasuuza ndoo, nairudisha na aibu yangu ndani. Siku ya nne yake nikiwa nakoroga nikasikia harufu imebadilika, siki imekwisha, inanukia zizi. Nikaenda kibandani nikafukuza kuku, nikawasha kiberiti. Moto ukashika, wa bluu, mdogo, haurukiruki. Nilisimama nauangalia.

Sikumwita mtu. Hilo nalo nikuambie. Niliona nikiwaita watakuja na furaha yao, na baada ya furaha mtu atauliza naondoka lini. Nikabandika maharage. Peke yangu, majiko manne, moja ndilo limewaka. Yalipoiva nikayatia chumvi, nikayafunga kwenye jani vizuri, nikaweka ndani ya ndoo yake, nikaiacha juu ya jiwe.

Kesho yake ndoo ikaja na ugali wa muhogo. Hakuna neno. Nikaituma na viazi vya nazi. Ikaja na mlenda. Siku ya tatu tulikutana njiani, yeye anapanda, mimi nashuka. Nikaingia pembeni kwenye migomba kama kawaida, macho chini, nikamwamkia. Akaitikia, akapita. Nilikuwa naangalia miguu yake tu. Imepungua, mama, imekuwa kama ya mtoto. Alipofika mbele kidogo ikasimama. Hakugeuka.

"Maharage yale," akasema, "chumvi punguza."

Akaendelea na safari yake. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia tangu nimwoe binti yake.

Siku hiyohiyo nikawaita watu wote, ndoo zikarudi. Akina mama walipiga vigelegele, wakabandika masufuria, wakanitania mpaka nikakasirika kweli. Mmoja alisema mtambo wa Mwakeye umefunga Kwaresima mwezi ambao si wake. Nimefurahi, siwezi kusema uongo. Lakini ikifika saa nne wanaondoka na masufuria yao, na nyumba ni ileile, kanga yake bado iko nyuma ya mlango. Usidhani nakuandikia kwamba nimepona. Sijapona.

Mjomba Benedikti alikuja naye kuuona moto. Akasema sasa naweza kwenda kwa amani. Nikamwambia naomba nisiende. Alifikiri sana, akachora chini kwa fimbo yake. Akasema kukaa ninaweza kukaa, hakuna wa kunitoa, lakini ardhi haitakuwa yangu hata nikizeeka nayo, na siku ukoo ukimpa msichana wao eneo hili, nitakuwa mgeni wake. Nikamwambia nimeelewa. Mtambo nitawafundisha wengine wawili kuulisha, ili usitegemee mtu mmoja tena.

Kwa hiyo mama, siji.

Nimeliandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuliweka hapa. Siji mwaka huu, na wa kesho siwezi kukuahidi, maana ahadi zangu umeshaziona. Nitakuja kukuamkia, nitakaa wiki mbili, nitafyatua tofali kama Nestori anataka, kisha nitarudi huku. Najua utakachouliza. Utauliza, na mimi je, mimi si mama? Swali hilo nimejiuliza kila siku kwa siku kumi na mbili hizi na jibu zuri sina. Nina hili tu: wewe ukiamka asubuhi unamkuta Yasinta, na Nestori yuko ng'ambo ya ua, na wajukuu wanakuangushia vyungu. Yeye alikuwa na mmoja. Sasa anapika chakula cha watu wawili, na wa pili ni mimi. Nikipanda basi, ile ndoo atakuja kuiweka juu ya jiwe, na jioni ataikuta hivyohivyo na chakula chake ndani, kimepoa. Nimejaribu kujifanya silioni jambo hilo, nimeshindwa.

Nisalimie sana dada yangu Yasinta, msomaji wetu, mwambie sauti yake nimeisikia mpaka huku. Msalimie mdogo wangu Nestori na shemeji yangu mkewe, na ule utani wa kinyesi nitamlipa ana kwa ana. Wasalimie watoto wake wote, hasa yule wa mwisho ambaye sijamwona. Mwamkie baba mdogo, mwambie namuombea macho yake. Msalimie na mama yangu wa ubatizo. Akiniuliza kama nasali, mwambie nasali, ila kwa ufupi.

Nestori aliniambia kwamba kile chumba cha uani mmekipiga bati jipya kwa ajili yangu, na kwamba wewe mwenyewe, na mguu huo, ulikisiriba kwa mikono yako. Sikulala vizuri tangu aliponiambia. Mama, mavuno yanakaribia na ghala lenu linavuja. Wekeni mahindi humo.

Ni mimi mwanao nikupendaye, naomba radhi yako,

Anatoli